Barua ya Chifu

Jumanne, Malaba

Sasa kwetu ni wapi? Kazi ni ya kaunti, kufagia soko, na fomu inarudishwa kesho saa sita pamoja na barua ya chifu ya kuthibitisha kwenu ni wapi. Kila wadi ina nafasi zake.

Chifu wa hapa Malaba, aliyenijua nikitambaa, alicheka mbele ya watu wote. "Mama Faith, wewe tulishakuoza Bumala. Unataka kula huku na huko?"

Nikaenda Bumala, kwao mume wangu. Chifu wa huko akaniuliza, "Dada, mzee wako yuko wapi aje akusemee?" Yuko Kampala, na huu ni mwaka wa pili simu yake haishiki. Nilisema tu amesafiri. Akasema basi tumngoje.

Na wakati wa kura huku waliniita binti yetu, kule mke wetu. Ningewaambia hivyo, lakini...

Faith ameniuliza kama nimepata kazi. Nimemwambia bado, amalize uji alale.

Kesho alfajiri narudi kwa huyu wa Malaba. Nitakaa mlangoni pake mpaka aandike. Itabidi niende na Faith, sina wa kumwachia. Naogopa tu atacheka tena, na Faith siku hizi anaelewa.