Kamba Hawamsubiri Mtu

Neema mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Hombolo hatujambo. Babu yako anakohoa, lakini zabibu anapalilia mwenyewe, haambiliki.

Sasa hilo la mumeo limenikera. Eti kamba wako wamekuwa wagumu kama mpira kwa sababu watu wa Dodoma hamjui kupika vya baharini? Nani kamwambia?

Nilipoolewa tulikaa Ihumwa. Jirani yangu Mama Zaina, mtu wa Tanga, alinialika kula kamba walioletwa na treni kwenye barafu. Nafika, jikoni hakuna hata harufu. Nikanuna. Kwetu mgeni hukuta nyama imebandikwa tangu asubuhi. Akanikalisha kwanza, ndipo akamimina mafuta, kitunguu saumu, kamba. Walipobadilika rangi tu akakamulia ndimu, akatupia majani ya giligilani, akaepua. Sijamaliza kununa, nakula. Walikuwa laini! Kumbe jiko lilikuwa tupu kwa sababu alikuwa ananisubiri mimi.

Wewe umeandika mwenyewe kwamba unamwita mumeo, anajibu "nakuja", na bado yuko sebuleni na simu yake, kamba wanaendelea kukauka motoni. Halafu lawama zije Dodoma!

Usibandike tena kabla hajakaa. Anawe mikono, akae, ndipo uwashe jiko. Akichelewa, pika wako, ule wakiwa moto. Wake mwachie wabichi, awapike mwenyewe, tumwone huyo mtu wa pwani.

Ni mimi bibi yako, bado nimekasirika,
Bibi Chiku