Mtandio Mkononi mwa Mzee

Mwenzangu, uko? Leo zamu yangu wodini imenishinda.

Yule mzee wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa akituita sisi wanafunzi wa uuguzi "wakwe zangu", amefariki alfajiri. Kafa ameshika mtandio wa binti yake. Sista akaniambia ninyooshe vidole mapema, kabla havijakakamaa. Nikaona huruma, nikamwachia mtandio wake hadi binti afike.

Binti amefika mchana. Nikauvuta mtandio, haukutoka. Vidole kama mbao!

Akaangua kilio. "Baba hataki kuniacha!"

Na mimi, nisiyefungua mdomo hata darasani, nikajitia kueleza. "Hapana, dada. Ndani ya msuli kuna nyuzi nene na nyembamba. Zile nene zina vichwa vidogo vinavyozikamata nyembamba na kuzivuta, ndivyo mkono unavyojikunja. Ili vichwa vibanduke vinahitaji nishati, na mtu akishakata roho nishati inaisha. Vinabaki vimekamata."

Akanikazia macho.

"Kwa hiyo kuachia ndiko kunakotaka nguvu?"

Nikasema ndiyo. Mwenzangu, nilisema ndiyo!

"Basi alitaka kuniachia, akakosa nguvu. Na jana nilimwambia, 'Baba, usithubutu kuniachia.'"

Akaomba mkasi, akaukata mtandio, kipande kikabaki mkononi mwa mzee. "Nenda, baba. Mimi nimeachia."

Sasa nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo. Nakunja ngumi, nakunjua. Nakunja, nakunjua. Naogopa kuacha.