Upande Wangu wa Kuvuta Pumzi

Papa wangu,

Jumamosi nilirudi ziwani. Tangu tukuzike sikuwa nimegusa maji yale. Mama alisimama mlangoni hapa mtaani Cibitoke akiniangalia kana kwamba nakwenda vitani.

Unakumbuka nilivyokuwa naogelea? Kichwa juu, shingo imekakamaa, macho yanatafuta viboko wasije wakaibuka majini, kama wengi wetu hapa Bujumbura. Miguu ilizama, nikapiga maji kwa fujo na nisifike popote. Ulicheka mpaka ukakaa mchangani. Kisha ukaniambia, ukiniita mama kama kawaida yako: "Mama, ukiinua kichwa, miguu inashuka. We lala, weka uso ndani ya maji. Kiboko, mi ndo nitaangalia. Iyo si kazi yako."

Nikakuamini, na mwili ukalala juu ya maji. Ukanifundisha kunyoosha mkono mbele, kiwiko kibaki juu, kiganja kisukume maji mpaka pajani. Nikitaka pumzi nigeuke na bega, sikio moja libaki majini. Lakini nilijua kugeukia kulia tu. Tulipoelekea kaskazini, kulia kulikuwa ufukoni, nawe ulitembea mchangani sambamba nami. Wakati wa kurudi, kulia kulikuwa ziwa tupu na milima ya Kongo. Basi ukaingia na suruali yako mpaka maji ya kifuani, ukatembea upande huo wa viboko, ili kila nikigeuka nikuone.

"Niko apa, mama. Vuta."

Jumamosi niliwauliza wavuvi, wakasema viboko wamekwenda zao. Sikuwaamini kama nilivyokuamini wewe. Nikaanza kichwa juu, miguu ikazama, nikachoka mapema, nikalia humo humo. Wanasema machozi ya samaki huenda na maji. Yangu hayakwenda, Papa. Nina uchungu, na nimechoka kuambiwa nizoee.

Mwishowe nikaweka uso majini. Kwenda, nilikuwa naona mchanga, nikajidanganya kwamba umetangulia kidogo. Kisha nikageuka kurudi. Nikazungusha bega, nikatafuta kifua chako upande wa milima.

Hukuwepo.

Nilivuta pumzi hivyo hivyo, nikarudisha uso majini.

Pumzika, Papa. Kuangalia viboko kumekwisha.

Ni mimi binti yako, bado nageukia kulia.