Siku Niliyoandikwa Tajiri

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Saru amekunywa uji wote. Nusu saa, kijiko kwa kijiko, kichwa chake kwenye mkono wangu wa kushoto. Nikambadilisha, nikamgeuza, nikambeba hadi nje kwenye jua. Ana miaka ishirini na miwili, hatembei, hasemi, na sasa ni mimi ninayembeba kwa sababu mgongo wa mama yake umekataa. Wangu haujakataa. Nilifunga maturubai ya lori kutoka Mombasa hadi Kigali miaka kumi na minane. Binti mwembamba hivi atanishinda wapi?

Saa nne akaja msichana wa serikali. Viatu vumbi tupu, simu kubwa kama sinia mkononi. Anaandikisha nyumba zenye mtu asiyejiweza kabisa. Nyumba ikionekana haina kitu, inapewa pesa za kumtunza. Nimemngoja msichana huyu tangu mwaka jana. Nikampa kiti kizuri.

Shida ni Bi Mkawasi. Jirani, mama mzee, alikuwa amekuja kuomba chumvi akabaki. Na mimi nikiona watu wawili naona mkutano. Msichana akauliza paa. Nikasema mabati, tena mazito, si haya ya siku hizi. Akauliza nimefanya kazi gani. Nikampeleka Malaba, Kampala, Kigali, nikamrudisha. Akauliza ng'ombe.

"Saba, dada. Na wangekuwa kumi kama simba wa mbugani hawangekuwa na njaa."

Bi Mkawasi akacheka hadi akashika ukuta. Msichana hakucheka. Aliandika.

Nikaweka sahihi kwa kidole kwenye kioo. Sahihi safi, yenye mkia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mama Saru ameuliza nilijibu nini. Jana alikuwa sokoni Voi na mboga zake za Bura. Nikamwambia. Alikaa chini na kikapu bado kichwani.

"Ng'ombe saba wa nani?"

Niandike ukweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Sina ng'ombe. Sina hata kwato moja. Wale ni wa Mwadime, aliyekuwa dereva wangu zamani, mimi tanboi wake, msaidizi wa lori. Sasa ana duka la saruji na misumari Voi. Miaka sita iliyopita aliniletea ng'ombe nimwekee. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, mtu kuweka mifugo yake kwa mwenzake. Anayewekewa anachunga, anakunywa maziwa, haulizi mengi. Mwadime aliwatoa kwao Ronge kwa sababu ndugu zake walikuwa wameshawagawa midomoni, huyu wa mahari, yule wa karo. Sharti lake lilikuwa moja tu. Nisiseme ni wa nani.

Mimi nikazidisha. Nikasema ni wangu. Hakuna aliyenituma.

Mama Saru hajaongea nami tangu jioni. Anaongea na sufuria.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeenda ofisi ya chifu. Msichana alikuwepo. Akafungua simu yake, akanionyesha. Saru ana kadi ya ulemavu, sawa. Hajiwezi, sawa. Halafu ng'ombe saba. Nyumba imewekwa upande wa wanaojiweza.

Nikamwambia afute. Akasema hawezi kufuta jibu la mtu, labda baraza liseme. Ijumaa ya wiki ijayo majina yote yatasomwa mbele ya watu, wanaofaa na wasiofaa, na wananchi wataulizwa kila jina kama ni kweli. Baraza likisema ng'ombe si wangu, atabadilisha. Wasiposema, basi. Na hajui watarudi kuandikisha mwaka gani.

"Kwani si wako, mzee?"

Karani wa chifu alikuwa anasikiliza. Nikasema nitafikiria.

Nitafikiria! Mtu anafikiria kama ana ng'ombe?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Muuza mkaa anasema mwaka jana huko Mata kuna mtu alidanganya kwenye fomu za serikali, akachukuliwa. Hajui fomu gani. Hajui mtu gani. Lakini alichukuliwa.

Mchana gari lilisimama hapo barabarani, mlango ukafunguliwa. Niliingia chooni. Nilikaa humo mpaka miguu ikafa ganzi. Lilikuwa gari la mkate.

Naogopa. Nimeandika.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Dawa ya Saru ya kifafa haipo zahanati. Duka la dawa wanayo, nyuma ya kioo, tunaiangalia. Mama Saru amekuwa akikata kidonge katikati kwa kisu cha mboga, kutwa mara moja badala ya mbili. Hakuniambia. Leo nimejua, baada ya haya.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Nimemlaza kwenye mkeka, namtania kuhusu mahubiri, yeye anatoa ile sauti yake ambayo ni kicheko. Sauti ikakatika. Macho yakapanda. Mwili ukawa mbao, halafu ukaanza. Nimeshaona mara nyingi, najua la kufanya, mgeuze ubavu, usimtie kitu mdomoni, ngoja. Lakini hii haikuisha. Midomo ikawa na rangi ya majivu. Mama yake anaimba, sijui kwa nini anaimba, anaimba tu wimbo wa kanisani kwa haraka haraka. Nilipiga kelele kwa Mungu kama napigia kelele dereva anayerudi nyuma gizani. Simama! Simama!

Ikasimama.

Alilala kwa muda wa saa tatu. Mimi nilikaa na kidole changu chini ya pua yake.

Mtu mwenye ng'ombe saba.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Voi, dukani kwa Mwadime. Nilivaa shati la kola. Akaniletea soda, akafunga mlango wa stoo, nikamwambia yote. Nikamwomba aje Ijumaa, aseme neno moja tu mbele ya chifu.

"Mwanedu, rafiki yangu, unaniua. Ndugu zangu wakisikia, watakuwa kwako kabla chai haijapoa. Na nani alikutuma useme ni wako?"

"Mdomo."

"Basi mdomo uende ukajieleze."

Nikasema Saru karibu afe jana. Aliangalia sakafu. Halafu akasema, taratibu, kwamba nikimtaja jina, au hata nikisema tu si wangu, watu wataanza kuuliza, na siku hiyo hiyo ataleta pikapu achukue wote. Sikasiriki, alisema. Nitachukua tu.

Kwa hiyo nikinyamaza, Saru ana maziwa hana dawa. Nikisema, labda ana dawa, maziwa hana. Hiyo labda inaninyima usingizi.

Nilimaliza soda. Sijui kwa nini niliimaliza.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimefanya mazoezi mbele ya Saru. Nikasimama, mikono nyuma. Wananchi wenzangu, mimi ni maskini. Sauti haikutoka. Nilipitisha lori Malaba bila karatasi hata moja, kwa maneno matupu, askari mwenyewe akanifungulia kizuizi. Leo maneno matatu yananishinda.

Si jela ninayoogopa sasa. Ni kicheko. Miaka sita ninapita na fimbo nyuma ya wale ng'ombe kama diwani. Nimewapa watu ushauri wa mifugo! Nimemwambia mzee wa kijiji auze wake anunue wa aina yangu.

Mama Saru ameanza kuongea nami. Amesema, "Usiposimama wewe, nitasimama mimi, na mimi nitasema yote."

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Vidonge vinne vimebaki.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimerudi kutoka barazani.

Watu walijaa. Viti vya plastiki vya wazee, wengine chini. Msichana na simu yake, chifu na kofia yake. Majina yakaanza. Kila jina, chifu anauliza, ni kweli? Watu wanaitikia. Mmoja aliyesema hana shamba aliambiwa ana mawili, akakaa chini kama gunia lililokatwa kamba.

Halafu jina la Saru. Nyumba ina ng'ombe saba, haistahili. Ni kweli?

Nikasimama. Mazoezi yote yalipotea.

"Ng'ombe si wangu."

Halafu kicheko. Si cha mtu mmoja, cha baraza zima, kiliondoka mbele kikaenda hadi kwenye ua. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Kigali! Leo kuna pesa ndiyo umekuwa maskini?" Ndilo jina langu hapa, Kigali. Chifu mwenyewe akajifuta macho. Akaniambia leo si siku ya hadithi.

Maisha yangu yote nimefanya watu wacheke. Leo ndiyo mara ya kwanza niliomba wanyamaze.

Nikasema, si hadithi. Nimewekewa. Wa nani sitasema, nilitoa neno langu. Niliwadanganya kwa sababu nilipenda mlivyonitazama. Sina kitu. Nina nyumba na binti, na Jumapili iliyopita binti alitaka kuniacha. Sikulia. Pua ilitoka maji tu.

Msichana akauliza kama kuna shahidi.

Mimi nikaangalia chini. Nikaona kisigino cha Mama Saru kinasogea, anainuka. Lakini sauti iliyotoka si yake. Bi Mkawasi. Hakusimama hata, aliongea akiwa amekaa, anachambua mbegu kwenye kanga yake.

"Chifu, masikio."

"Masikio gani, mama?"

"Ya ng'ombe. Kila nyumba ina mkato wake. Wale wamekatwa ncha mbili, sikio la kushoto. Huo si mkato wa watu wa huyu. Mtu yeyote aliyezaliwa na mifugo anauona akiwa barabarani."

Mzee wa kijiji akasema ni kweli, ameuona tangu siku walipofika. Mwingine nyuma akasema hata yeye. Mama muuza maandazi, hata yeye. Chifu akavua kofia, akaiangalia ndani, akasema, "Hata mimi nilijua. Nilifikiri siku hizi ameshawanunua."

Walijua. Wote. Miaka sita.

Mimi najua namba za magari za nchi tano. Nimeshika masikio yale kila asubuhi nikivuta kupe. Sikuwahi kuyasoma.

Msichana akamwuliza Bi Mkawasi, "Na siku ile ulipocheka pale nyumbani, mbona hukusema?"

"Niseme nini, mwanangu? Saru alikuwa anakunywa maziwa." Akarudi kwa mbegu zake. Halafu, "Na huyu baba yake alikuwa anafurahi."

Hakuna aliyecheka. Chifu akauliza baraza, nyumba hii inafaa? Mikono. Sikuhesabu. Msichana akabonyeza kioo chake, akangoja, mtandao unazunguka, unazunguka, akabonyeza tena. Akaniinulia kichwa kidogo, imekubali.

Nilikaa chini kwenye mchanga, kiti kikiwa nyuma yangu.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mwadime amekuja na pikapu, safari mbili. Habari zilifika Voi Ijumaa hiyo hiyo. Hakunitukana. Nilimsaidia kuwapandisha, yule mwekundu alikataa, nikamsukuma kwa bega kama zamani tulipokuwa tunapakia. Tukafunga mlango wa pikapu.

Akasema, "Hukunitaja."

Nikasema, "Hapana."

Aliwasha gari, akalizima, akatoa mfuko wa duka la dawa kwenye kiti, akanipa dirishani. Vidonge vya mwezi mzima. Akaondoka bila kuaga.

Zizi linanuka vilevile. Saru aligeuza macho upande huo mchana wote.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Wingu limekaa juu ya Bura, mvua huenda ikashuka wiki hii.

Orodha imebandikwa mlangoni kwa chifu. Jina la Saru lipo, la tisa, na langu chini yake kama mtunzaji. Nimelisoma mara tatu, nikapitisha kidole. Pesa zenyewe bado, wanasema zinapitia Nairobi, huenda miezi. Bado naamka nimeshtuka, nafikiri wamelifuta. Mama Saru anasema nitazoea. Ameanza tena kumpa kidonge kizima.

Kurudi nimepita dukani. Watu wale wale kwenye benchi. Nilitaka kuwapita haraka. Mzee wa kijiji akaniita, akauliza wale ng'ombe wamesafiri?

Majibu mawili yalikuja kwa pamoja. La kwanza lilikuwa na Kampala ndani yake.

Nikasema, wamerudi kwao.

Wakasogea kwenye benchi. Nikakaa.