Pembe Isiyovunwa

Connecticut, 12 Julai 2016

Bibi Fruma mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila jua limenibabua hadi puani.

Nina swali. Torati inasema usivune shamba mpaka pembeni. Pembe ni ya maskini na mgeni. Basi sisi vijana tisa tunaolima hapa kiangazi hiki tumeiacha pembe ya kando ya barabara, ina matango, nyanya na bitiruti. Tumesimamisha na bango kubwa: CHAKULA CHA WENYE SHIDA, KARIBUNI. Wiki ya tatu sasa, hajaja hata mmoja. Matango yanaoza. Jana kikaoni Nadav alikuja juu: "Torati hiyohiyo inakataza kuharibu chakula! Hii si sadaka, ni mbolea. Tuvune!" Tutapiga kura tarehe mosi.

Wenye njaa wapo mjini, nimewaona. Mbona hawaji?

Mjukuu wako,
Tirza

Bronx, 18 Julai 2016

Tirza wangu,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko mwenyewe. Je, unakula, au mnalisha wengine tu?

Bango lako limenichekesha mpaka jirani kagonga ukuta. Nani apite chini ya maneno hayo, magari yakimtazama? Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Nyuma ya sinagogi letu palikuwa na chumba cha chakula, milango miwili, hakina msimamizi. Mama alinituma kila Ijumaa na kikapu: "Ukikutana na mtu, sema unamtafuta paka." Siku moja nikamkuta humo mke wa mwalimu wetu. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Namtafuta paka." Nikamjibu, "Na mimi." Tukajaza viazi, kila mtu akatokea mlango wake.

Hilo hata mama yako hajui. Ng'oa bango.

Bibi yako

Connecticut, 21 Agosti 2016

Bibi,

Shikamoo, na pole kwa upasuaji wa goti. Mama anasema unawagombeza wauguzi, kwa hiyo najua umepona.

Tulishinda kura, watano kwa wanne: pembe haivunwi. Bango tuliling'oa, tukafungua njia ya nyuma kando ya kijito, tukamnong'oneza muuguzi wa zahanati ya mjini peke yake, awaambie wenye shida. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, bitiruti zikang'olewa na udongo ukasawazishwa vizuri. Na wiki hii pembe imebaki tupu kabisa!

Nikataka kujua ni nani. Nisamehe, udadisi ulinizidi. Ijumaa asubuhi nikajibanza nyuma ya banda la kuku. Walipita wanawake wawili, kisha akaja Nadav. Yuleyule! Alijaza begi lake la safari, huku akigeuka nyuma kila mara, akaondoka kwenda kwao kwa Sabato. Ndipo nikakumbuka: mama yake hana kazi tangu masika.

Nimwambie nimemwona? Nimwongezee mayai? Nifanyeje?

Tirza

Bronx, 25 Agosti 2016

Mwanangu,

Marahaba. Natembea mpaka dirishani sasa, bila fimbo.

Barua yako niliisoma mpaka kwenye jina la huyo kijana, nikachukua mkasi. Nimelikata kila lilipo, la Julai pia, nikavichoma vipande. Mama yako hupekua barua zangu. Sasa zina matundu, na mimi ni mzee, nasahau upesi.

Wewe bado kijana, basi fumba mdomo. Akibisha kikaoni, mbishie kama zamani. Usimwonee huruma, ataijua. Mayai yawekeni kwenye pembe ile, yawe ya kila apitaye.

Na Ijumaa asubuhi, Tirza, jitafutie kazi upande wa pili wa shamba.

Bibi yako