Maji ya Lori na Herufi X

Garissa, Jumanne jioni, 1967

Nusura watu wapigane leo kwa ajili ya maji. Lori lilileta madebe sabini na mawili kwa familia ishirini za kambi yetu, na askari akatuonya kwamba tukigombana halitarudi.

Adeer Nur, mzee wetu, alitaka familia zote zipate sawa, ila zile kumi na mbili zenye wagonjwa ziongezewe debe moja moja. Lakini sawa ni madebe mangapi? Kelele zikaanza.

Deqa, niliyemfundisha kule kijijini Hadado kabla shule haijafungwa kwa sababu ya vita, akainama na kuandika mchangani kwa kidole: 20x + 12 = 72.

Nikaliona tena lile darasa, madirisha bila vioo na mbuzi wakichungulia. Siku ya kwanza ya aljebra aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, huyu x ni wa ukoo gani?" Tulicheka mpaka kipindi kikaisha. Kucheka namna ile...

"Toa kumi na mbili, zinabaki sitini," Deqa alimwambia mzee. "Gawa kwa ishirini. Kila nyumba madebe matatu, yenye mgonjwa manne."

Watu wakapanga foleni. Adeer Nur akamuuliza nani alimfundisha hayo.

"Mwalimu wangu ni yule pale, mwenye ndoo."

Naogopa shule ile haitafunguliwa tena. Lakini leo familia zote ishirini zimekunywa maji.