Seva Iliyonyamaza Mbele ya Wageni

Kaloleni, Kisumu
Machi 1999

Mjukuu wangu Adero,

Miezi tisa! Mwanamke angeshika mimba siku ile uliyoondoka, leo mtoto angekuwa amezaliwa na kupewa jina, na wewe hata soli ya kiatu chako hatujaiona mlangoni. Nani alikwambia dani yako, nyanya yako mimi, ni picha ya ukutani, ukiiacha utaikuta? Haya, nimekugombeza, nimemaliza. U mzima? Baridi ya Nairobi inakuachia kifua? Unakula samaki, au unakula mkate kama mgonjwa? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake.

Barua hii ananiandikia jirani yetu mpya, Nasambu, anayepiga chapa kanisani. Ni mtu wa Webuye, Kijaluo hakijui, ndiyo maana unanisikia kwa Kiswahili. Nimemwambia aandike kila neno, hata yale ya kuniaibisha. Amesema hayo ndiyo atakayoyaandika vizuri zaidi.

Gugu maji bado limekaa ziwani. Juzi asubuhi nilisimama bichi ya Dunga, zinapotua mashua, nikaona kisiwa kizima kinapita, kijani, ndege weupe wamesimama juu yake kama abiria waliolipa nauli. Hakikufanya sauti yoyote. Nikakitazama mpaka nisijue kama ni kisiwa kinachokwenda au ni mimi. Nikakukumbuka, maana ni wewe uliyetaka wavuvi wajue, kabla ya kutia mashua majini, gugu limefunga bichi gani na limeacha gani.

Unakumbuka jioni zile ulizonifundisha? Mashine uliiweka chumba cha babu yako, kwa sababu ndicho chenye simu tangu enzi zake za reli. Ukaniambia inaitwa seva, na kazi yake kubwa ni kukaa na kusikiliza. Ina milango maelfu, ukasema, lakini anayetaka kusoma ukurasa hubisha mlango wa themanini. Nikakuuliza ni nani aliyekuwa na nafasi ya kuihesabu; ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukanieleza kwamba wengi huandika JavaScript, yaani maagizo ya kompyuta, ikafanye kazi kwenye mashine ya mgeni, lakini wewe yako umeiweka ifanye kazi huku huku, ndani ya seva. Nikasema hilo nimelielewa: chakula kinapikwa jikoni, mgeni analetewa sahani. Na hakipikwi jana. Mtu akiuliza kama bichi ya Luanda Kotieno iko wazi, ndipo seva inapotazama habari ulizoiandikia asubuhi na kumtengenezea ukurasa wake, ungali moto. Mimi jina langu siwezi kuliandika, lakini nikisinzia mchana nilikuwa naota milango, maelfu, imesimama juu ya maji, na wewe unapita katikati ukifungua mmoja mmoja.

Halafu ikaja siku ile ya Juni. Wewe ulikuwa mjini, ofisi ya ushirika wa wavuvi, pamoja na mwenyekiti, Mzee Obiero, na wanunuzi wa samaki kutoka Port Victoria. Seva ingejibu, wangekupa kazi ya bichi zote, nawe ungebaki hapa nyumbani. Kompyuta ya ofisi ikapiga simu huku mara tatu, kimya. Yule mnunuzi, Wepukhulu, akakuuliza kama seva yako imekwenda kuoga. Wakacheka. Mzee Obiero akasema tumwachie Mungu, na sote tunajua akisema hivyo maana yake ni hapana. Ukaja mbio, mashine haikuamka. Siku mbili ukasoma maandishi yako mstari kwa mstari kwenye makaratasi, ukitafuta dhambi yako. Siku ya tatu ukaniambia mtu ambaye kazi yake inakufa mbele ya watu hana haki ya kuiita kazi yake. Ukapanda basi. Sasa nasikia unachapa barua za wakili na hutaki kugusa kingine.

Adero, kaa chini. Maandishi yako hayakuwa na kosa. Ni mimi.

Ulisema wageni huenda wakapita nyumbani baadaye kuiona. Sasa mimi, mwenye nyumba, niwaonyeshe kitu kiko uchi? Redio yetu ina kitambaa, viti vina vitambaa, hata chupa ya chai ina chake. Nikafua kile kikubwa cheupe nilichofuma mwaka aliozaliwa mama yako, nikakitia wanga, nikaifunika mashine mbele na nyuma. Ilikuwa inavuma, nikaona inahema kwa baridi, nikaongeza shuka. Baadaye ikanyamaza, nikafurahi imetulia. Kisha nikasikia harufu ya kuungua. Nikavuta vyote, nikavificha chini ya kitanda, na wewe ukaingia. Siku mbili nilikutazama ukijihukumu, na mdomo wangu huu, uliowahi kumgombeza askofu, haukufunguka. Niliogopa utaacha kunipenda. Hakuna sababu nyingine.

Wiki jana nilimwita Simiyu, fundi wa redio. Aliifungua akauliza ni nani aliyeichemsha. Akabadilisha vilivyoungua, akasema pale yanapokaa maandishi yako ni pazima. Ikaamka. Nikaenda mwenyewe ofisi ya ushirika, nikasema ukweli wote mbele ya Mzee Obiero na watu wake, kisha wakaipigia. Nyanya yako nakwambia, ilijibu! Walisoma kwamba Luanda Kotieno iko wazi, na upepo mdogo, na tarehe ni ile ile ya Juni. Hakuna aliyeiambia lolote tangu uondoke, basi kwake yeye bado ni asubuhi ile. Wepukhulu alikuwapo, hakucheka. Mzee Obiero amesema wageni atawaita tena, lakini si bila wewe.

Mama Kageha wa dukani anakusalimu sana. Nasambu naye anakusalimu; anafuta macho, anasingizia vumbi.

Ukija, usininunulie sukari, wala usijizoeze maneno ya heshima njiani. Leta hasira yako nzima, usiimwage hata tone kabla hujafika. Mimi nitakaa kitini niipokee yote. Ukimaliza, uoge, ule, uende kwa Mzee Obiero.

Dani yako,
Amolo
(alama ya kidole changu)